Mtindi, togwa na kapsuli za "bakteria wazuri": tuelewane kidogo

Kila tukiweka banda letu kwenye maonyesho ya Nanenane swali ni lilelile, eti mtaalamu huu mtindi wa dukani una wale bakteria wazuri au tunauziwa jina tu, na mwingine anakuja na kopo la kapsuli kalinunua kwa bei ya kuku wawili anataka nimwambie kama zinatibu vidonda vya tumbo. Mi huwa nawarudishia swali: bakteria yupi? Wanacheka, maana kwao bakteria ni bakteria.

Hapo ndo penye shida yenyewe. Mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, walikutana Córdoba, Argentina, wakakubaliana kwamba probayotiki, ndo hao "bakteria wazuri", ni vijidudu vilivyo hai ambavyo ukivipata kwa kiasi cha kutosha vinakuletea faida ya kiafya. Neno hai halikuwekwa pale kwa urembo. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda ili ukae dukani miezi bila friji bado una protini na kalsiamu, ni chakula kizuri tu, lakini wadudu wake walishakufa kitambo. Na wewe ukinunua ulio hai ukaenda kuuchemsha kwenye mboga, ndo hivohivo.

Halafu kuna suala la aina. Chukua Lactobacillus rhamnosus GG, hizo herufi mbili za mwisho ni Gorbach na Goldin, watafiti wa Marekani waliomtenga huyo mdudu kutoka kwenye utumbo wa mtu mwenye afya miaka ya 1980. Kuna mwenzake anaitwa GR-1, jina la mbele ni lilelile, ila huyu alitoka kwenye njia ya mkojo ya mwanamke na kazi yake ilichunguzwa zaidi kwenye afya ya wanawake. Ni kama ndugu wawili, mmoja fundi makenika mwingine fundi cherehani, gari likizima huwezi ukampigia yeyote tu kwa sababu ni wa ukoo mmoja.

Huyo GR-1 tunamjua hapa kwetu. Kuanzia 2004 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane pale Mabatini, Mwanza, walikuwa wanatengeneza mtindi wenye huyo bakteria, wakiuita Fiti, wakishirikiana na NIMR Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo kikuu cha Western cha Kanada, na walengwa wakubwa walikuwa watu wanaoishi na VVU. Kuna utafiti ulioangalia waliokunywa ule mtindi ukakuta CD4 zao, yaani seli za kinga ya mwili, zimepanda, watu wakafurahi, lakini baadae yakafanyika majaribio ya kapsuli Mwanza hukohuko, kina mama wengine wakapewa za ukweli wengine za bandia zisizo na bakteria, na tofauti ya CD4 haikuonekana. Sasa usiseme mtindi haufai! Mtu anayekunywa mtindi kila siku anapata pia protini, vitamini na mlo wa uhakika, kwa hiyo huwezi kumpa bakteria sifa zote peke yake. Dawa za ARV zinabaki palepale.

Probayotiki zinasaidia wapi basi? Wale ambao maziwa yanawavuruga tumbo, mtindi ulio hai wanauweza zaidi, maana bakteria wake wanawasaidia kumeng'enya sukari ya maziwa. Kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, aina kadhaa zinapunguza. Ila mtoto akiharisha ghafla mpe ORS na zinki siku 10 mpaka 14, maana majaribio makubwa mawili ya Marekani na Kanada yaliyotoka 2018 hayakuona probayotiki zikiwasaidia watoto.

Togwa nayo tusiisahau. Uji ukishapoa unatia kimea cha ulezi, unakuwa mwepesi hata ukiwa na unga mwingi, mtoto anapata chakula zaidi kwa kijiko kilekile, na ule uchachu unazuia wadudu wa kuharisha wasizaliane. Mi binafsi nikiulizwa na mama mwenye pesa kidogo namwambia anunue ulezi aachane na kopo.

Sasa usalama. Mtu mzima mwenye afya kikubwa atapata gesi siku za mwanzo, inaisha. Lakini kwa mgonjwa mahututi habari ni nyingine kabisa. Uholanzi waliwapa wagonjwa wenye uvimbe mkali wa kongosho mchanganyiko wa probayotiki, matokeo yakatoka 2008, waliokufa kwenye kundi la probayotiki walikuwa 24 na kundi lililopewa za bandia 9. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo kuhusu watoto njiti, bakteria walikuwa wameingia kwenye damu. Kwa hiyo mwenye kinga iliyoshuka sana, aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa, au kichanga njiti, asipewe kapsuli na shangazi aliyekuja kumuona wodini, hilo ni la daktari.

Na maziwa mgando ya kibuyu yaliyotoka kwenye maziwa mabichi? Uchachu hauui kila kitu, wadudu wanaoleta ugonjwa wa brusela, unaotoka kwa mifugo, wanaweza kubaki hai humo. Chemsha kwanza, acha yapoe mpaka vuguvugu, ndo utie vijiko viwili vitatu vya mtindi hai, funika sehemu yenye joto, kesho yameganda.

Yule wa kopo la kapsuli nilimwambia asome lebo: kama imeandika "bakteria wazuri" tu bila jina kamili la aina, bila idadi watakaokuwa hai mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi, amenunua kopo. Na vidonda vya tumbo vikiwa vimeletwa na bakteria aitwaye H. pylori vinatibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, probayotiki hapo inaweza ikampunguzia kuharisha kunakoletwa na hizo dawa. Akaniuliza kama duka litamrudishia hela.