Ukungu katika majengo ya biashara ya Mtwara na Lindi: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mvua za kusini huja katika msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo majengo ya biashara ya Mtwara na Lindi hayapati nafasi ya kukauka vizuri. Ndiyo maana ifikapo Februari madoa meusi huonekana nyuma ya makabati ya ofisi, kwenye pembe za dari za nyumba za wageni, katika stoo za maduka na kwenye kuta za maghala yaliyojaa magunia. Wengine huyaita madoa hayo kuvu, wengine koga au fangasi. Hapa nitayaita ukungu, ingawa neno hilo hilo tunalitumia kwa wingu la asubuhi linalotanda juu ya mabonde. Nimefanya kazi ya kukarabati majengo katika pwani hii kwa miaka mingi, na nimeona kwamba fedha nyingi hazipotei kwa sababu wenye majengo wamepuuza tatizo. Hupotea kwa sababu wamelishughulikia kwa bidii huku wakifuata mambo ambayo si kweli.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba rangi mpya humaliza ukungu. Ukungu ni kiumbe hai, na spora zake, yaani chembe ndogo mno za uzazi, zimo katika hewa ya kila chumba, kikiwa safi au kichafu. Ili ziote zinahitaji joto, chakula na maji. Joto la Lindi hatuwezi kulipunguza, na chakula kipo kila mahali, kwa kuwa ukungu hula vumbi, karatasi, mbao, gundi na hata baadhi ya viambato vya rangi yenyewe. Kinachobaki mikononi mwetu ni maji. Rangi inayopakwa juu ya ukuta wenye unyevu huufunika unyevu huo bila kuuondoa, na baada ya miezi michache huvimba, hubanduka kwa maganda, na doa hurudi mahali pale pale. Niliwahi kuitwa kwenye fremu moja ya duka ambayo ilikuwa imepakwa rangi mara tatu ndani ya miaka miwili. Tulipozunguka nyuma ya jengo tulikuta kiungo cha mfereji wa paa kimeachia, na kila mvua iliponyesha maji yalikuwa yakimwagikia ukuta ule mmoja. Kukitengeneza kiungo hicho kuligharimu kiasi kidogo kuliko ndoo moja ya rangi aliyokuwa ameinunua mwenye jengo, na mpangaji alikuwa amekwisha kupoteza vitambaa vingi vilivyokuwa vimepangwa kwenye rafu za upande huo.

Wasiokimbilia rangi hukimbilia dawa ya klorini ya kufulia nguo, wakiamini kwamba doa likishakuwa jeupe ukungu umekufa. Juu ya vigae, vioo na masinki imani hiyo ina ukweli. Kwenye lipu, mbao na mbao za jipsamu mambo ni tofauti, kwa sababu vitu hivi hunyonya: klorini hubaki juu na kuondoa rangi ya doa, ilhali maji yaliyobeba dawa hiyo huzama ndani, mahali nyuzi za ukungu zilipo, na kuziongezea kinywaji. Isitoshe, ukungu uliokufa bado unaweza kumsababishia mtu chafya, macho kuwasha na kubanwa kifua, kwa hiyo kuua bila kuondoa ni kazi nusu. Shirika la Marekani la kulinda mazingira, ambalo lilitoa mwongozo wake kuhusu ukungu katika shule na majengo ya biashara mwaka 2001, halipendekezi klorini kama njia ya kawaida ya usafi huo. Kinachofaa ni kusugua kwa sabuni na maji, kufuta, kisha kukausha kabisa. Na mbao ya jipsamu iliyoota ukungu kwenye karatasi yake haisafishiki, bali hukatwa na kutupwa. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini: klorini isichanganywe kamwe na dawa yenye amonia wala na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na mfanya usafi aliyejifungia katika choo kidogo cha ofisi huweza kuzidiwa kabla hajaufikia mlango.

Suala la viyoyozi ndilo linaloleta ubishi mkubwa zaidi, nami nitakaa nalo kwa muda. Upande mmoja kuna wanaoamini kwamba kiyoyozi hukausha hewa, kwa hiyo kadiri kinavyowekwa kwenye baridi kali ndivyo chumba kinavyokuwa salama. Upande wa pili kuna wanaoamini kwamba dawa ya ukungu ni kufungua madirisha, wakati wowote na katika chumba chochote. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, na inapogusa kitu cha baridi hulazimika kuuachia mvuke huo uwe matone, kama tunavyoona chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu ikitoa jasho mezani. Hewa ya nje yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80, ambayo si jambo la ajabu kwetu wakati wa mvua, huanza kutoa matone inapokutana na kitu chenye nyuzijoto 26 hivi. Sasa fikiria ofisi iliyopozwa hadi nyuzijoto 19, yenye mlango unaofunguliwa na wateja kila dakika. Kuta, dari na migongo ya makabati vimekuwa kama ile chupa ya soda, na kila anayeingia anaingia na maji. Mtu anayefungua dirisha la chumba hicho ili “hewa izunguke” wakati kiyoyozi kinafanya kazi anaongeza maji hayo bila kujua.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni kununua kiyoyozi kikubwa kuliko chumba. Kiyoyozi huondoa unyevu pale tu kinapofanya kazi kwa muda wa kutosha; kikubwa mno hupoza chumba kwa dakika chache kisha hunyamaza, na chumba hubaki baridi lakini kizito kwa unyevu. Katika nyumba za wageni hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu chumba hupozwa usiku kucha, mgeni huondoka asubuhi, kiyoyozi huzimwa, na hewa ya nje huingia na kukuta godoro, mapazia na mbao za kitanda vikiwa bado baridi. Bomba la kutolea maji ya kiyoyozi nalo hukaguliwa mara chache mno. Likiziba, maji hurudi nyuma na kushuka polepole ndani ya ukuta. Kwa vyumba vyenye viyoyozi ushauri wangu ni huu: kipimo kiwekwe kwenye nyuzijoto 24 au 25, madirisha na mianya ifungwe, vichujio visafishwe, na kinunuliwe kipimaunyevu kidogo cha ukutani ili unyevu wa hewa ubaki chini ya asilimia 60. Kwa vyumba visivyo na viyoyozi, madirisha ya pande mbili yafunguliwe ili upepo upite, na makabati yasogezwe mbali kidogo na ukuta wa nje.

Si kila kitu kinachoota ukutani ni ukungu. Unga mweupe unaotoka chini ya kuta katika maeneo ya karibu na bahari mara nyingi ni chumvi. Maji hupanda kutoka kwenye msingi usio na tabaka la kuzuia unyevu, huyeyusha chumvi iliyomo kwenye tofali au kwenye mchanga wa ufukweni uliotumiwa kujengea, kisha hukauka juu ya ukuta na kuiacha chumvi nje. Kuitambua ni rahisi: chumvi ikitonewa maji huyeyuka na kutoweka, ukungu hautoweki. Ila anayegundua kwamba ni chumvi asifurahi mapema, kwa kuwa chumvi ni ushahidi kwamba maji yanapita, na tena chumvi yenyewe huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo ukuta huo hulowa hata siku zisizo na mvua.

Hapa ndipo majengo ya zamani ya Mikindani, mji mkongwe jirani na Mtwara, yanaponipa uchungu. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huruhusu unyevu utoke nje kama pumzi. Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 bado limesimama. Lakini watu huamini kwamba saruji, kwa kuwa ni ngumu, ni bora kwa kila ukuta, hivyo wanaofungua duka au mgahawa katika nyumba ya aina hiyo hubandua lipu ya chokaa na kuweka ya saruji. Unyevu uliokuwa ukitoka hukosa njia, hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, na ukungu ambao haukuwahi kufika usawa wa dirisha hufika darini. Ukuta wa chokaa urekebishwe kwa chokaa.

Kuhusu maradhi, zipo imani mbili zinazopingana. Moja husema kwamba ukungu mweusi ni sumu inayoua na mwingine hauna neno. Rangi haionyeshi hatari, na hakuna haja ya kulipia vipimo vya maabara ili kujua ni aina gani, kwani aina zote huondolewa kwa njia moja. Wapo pia wanaouchanganya na sumukuvu, ambayo ni sumu ya kuvu wa mahindi na karanga, humwingia mtu kwa chakula, na ndiyo iliyoleta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Imani ya pili husema kwamba ukungu wa ukutani ni suala la sura ya jengo tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha majengo yenye unyevu na ukungu na maradhi ya njia ya hewa na kuzidi kwa pumu. Karani mwenye pumu anayeketi saa nane kwa siku chini ya dari yenye ukungu hadeki anapolalamika, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amwekee mazingira salama.

Wenye maghala ya korosho na ufuta nao huniambia kwamba bati likiwa zima, mzigo uko salama. Bati huzuia mvua tu. Sakafu isiyo na tabaka la kuzuia unyevu hupitisha maji kutoka ardhini, na usiku bati lenyewe hupoa, mvuke uliotoka kwenye mzigo hugeuka matone chini yake na kudondokea magunia ya juu. Mzigo huingia na maji yake mwenyewe pia: korosho ghafi iliyoanikwa kwa haraka ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 10 itaota ukungu hata katika ghala zuri. Kwa hiyo magunia hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na milango hufunguliwa wakati wa mchana mkavu, si alfajiri.

Mwisho ni dhana ya kusubiri jua. Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa Lindi mwezi Mei 2024, katika majengo mengi yaliyoingia maji watu walingoja hali itulie ndipo waanze usafi. Kitu kilicholowa huanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48. Mazulia, makasha ya karatasi na mafaili yatolewe siku hiyo hiyo, hata kama mvua haijaisha. Matengenezo ya kuta ndiyo yanayopaswa kungoja, na wakati wake ni kipindi kikavu cha upepo wa kusi, Juni hadi Septemba. Kabla ya kununua rangi, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote kwa utepe wa gundi, na ukiache siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa ndani wa nailoni, ulioelekea ukuta, maji yanatoka ukutani, basi aitwe fundi wa msingi, paa au bomba. Yakionekana upande wa chumba, maji yanatoka hewani, na kazi iko kwenye kiyoyozi na madirisha. Nailoni ikibaki kavu pande zote mbili, ukuta huo uko tayari kupakwa rangi.