Kwa nini theluji ya mtaani kwenu inageuka barafu kabla lori halijafika

Malalamiko ninayoyapata kila majira ya baridi ni yale yale. Barabara kuu imeshakuwa nyeusi, magari yanakimbia, lakini ukikata kona kuingia mtaani, usukani unakushinda. Wengi wanaonipigia ni ndugu zetu wanaohudumia wazee hapa jimbo la Minnesota, Marekani, wanaotakiwa kuingia zamu saa moja asubuhi hata mbingu zikiporomoka. Nimeendesha lori la kusukuma theluji, na sasa kazi yangu ni kupanga ratiba za madereva katika mji mmoja ulio kando ya Minneapolis. Mnalalamika kwa haki. Ila wengi wanamlaumu dereva, na dereva hana uamuzi juu ya wapi aanzie.

Barabara zimepangwa kwa madaraja. Mwanzo ni zile za magari ya wagonjwa, zimamoto na mabasi, halafu zinazounganisha mitaa, na mwisho kabisa mitaa ya makazi na vichochoro vya nyuma. Theluji ikiendelea kuanguka, lori linarudia daraja la kwanza tena na tena, kwa sababu barabara iliyosafishwa saa nne usiku imeshafunikwa tena saa saba. Wakati huo wote magari ya wakazi yanapita juu ya theluji ya mtaani na kuishindilia.

Hapo ndipo uharibifu unapotokea. Theluji mpya ni laini, bledi, lile bamba la chuma la mbele ya lori, inaikwangua mara moja ikaondoka yote. Ikishindiliwa na matairi inashikana na lami na kuwa barafu ngumu, na bledi inapita juu yake ikiacha ukoko unaong'aa. Mkazi akichungulia dirishani anaona lori limepita na barabara iko vile vile, anadhani dereva alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Basi mwageni chumvi, watu wananiambia. Chumvi ya kawaida ina mipaka yake, na baridi ya Minnesota inaivuka mara nyingi. Lami ikiwa kwenye nyuzi 1 za Selsiasi chini ya sifuri, kilo moja ya chumvi inaweza kuyeyusha takriban kilo 46 za barafu. Kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri kilo ile ile inayeyusha karibu kilo 9 tu, na kwenye nyuzi 12 chini, karibu 5. Kazi yenyewe nayo inakuwa ya polepole mno. Ndiyo maana baridi ikikaza tunamwaga mchanga ili matairi yapate pa kushika, au tunachanganya na kloridi ya magnesiamu, chumvi nyingine inayostahimili baridi kali zaidi. Na chumvi haipotei: theluji ikiyeyuka inaingia maziwani. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua lita 19 hivi za maji, na hakuna njia rahisi ya kuitoa. Chumvi inayosaidia kweli ni ile inayowahi, yaani maji ya chumvi yanayonyunyizwa kwenye lami kavu kabla ya dhoruba, ili theluji isipate pa kushikamana.

Kikwazo kingine ni magari yaliyoegeshwa. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji, usiku wa kwanza huruhusiwi kuegesha upande wowote wa njia kuu za dharura. Siku ya pili, kwenye mitaa mingine, upande wa nyumba zenye namba shufwa lazima uwe wazi. Siku ya tatu ni zamu ya upande wa witiri. Gari moja tu likibaki, lori linalizunguka na kuacha kilima cha theluji kitakachoganda hapo kwa majuma. Ndugu yangu uliyehamia juzi, jiandikishe upate ujumbe wa dharura kwenye simu, maana gari likikokotwa utalipa pesa nyingi.

Na lile tuta la theluji linaloachwa na lori mlangoni pa gereji yako: simama ukitazama barabara, safisha nafasi pembeni, upande wako wa kushoto, kwa sababu lori hutokea huko. Theluji itamwagikia humo kabla haijafika kwako. Unayozoa kwa beleshi itupe kulia.

Sasa lile linaloniuma. Utaratibu wa nani aanze ni uamuzi wa watu, na unaweza kubadilishwa. Februari 1969 New York ilipata karibu sentimita 38 za theluji, na mitaa mingi ya Queens, sehemu moja ya jiji hilo, ikakaa siku nyingi bila kusafishwa. Watu 42 walifariki jijini, nusu yao Queens, na wakazi wakamzomea Meya John Lindsay alipokwenda kuwaona. Huko Sweden, mji wa Karlskoga ulikagua ratiba yake ukagundua kwamba inawapendelea wenye magari. Ukaanza kusafisha kwanza njia za waendao kwa miguu, na barabara za kwenda shule za chekechea. Gari linaweza kupita kwenye sentimita chache za theluji. Mama anayesukuma kigari cha mtoto, au mzee mwenye mkongojo anayevuka kwenda kituo cha basi, hawezi. Kwetu njia ya miguu ameachiwa mwenye nyumba, na kituo cha basi mara nyingi kinabaki kimezibwa na theluji tuliyoisukuma sisi wenyewe.

Kwanza ujue barabara yako ni ya nani, ya jimbo, ya kaunti au ya mji, maana malalamiko yakienda kusikohusika hayafiki popote. Kisha nendeni kwenye vikao vya bajeti. Miji ya Minnesota huweka kiwango cha awali cha kodi Septemba na kupitisha bajeti Desemba. Januari mkiwa mmekwama, fedha zimeshagawanywa. Ulizeni mambo matatu: tuna madereva wangapi wa zamu ya usiku, mitaa ya makazi inapaswa kufikiwa baada ya saa ngapi, na nani anasafisha vituo vya basi.