Hivi yule mnyoo wa kwenye ini la ng'ombe ni ruba?

Ukikata ini la ng'ombe halafu kwenye mrija mgumu wa nyongo kikachuruzika kitu bapa cha kahawia kama jani, buchani utaambiwa huyo ruba, ng'ombe kamnywa mtoni. Mimi nimeamini hivyo miaka na nimebishana na watu, maana nilimwona kabisa na vinyonyeo vyake.

Kumbe wapi. Ruba ni ndugu wa nyungunyungu, mwili una pete pete, kinyonyeo kimoja mbele na kingine mkiani kabisa. Huyu wa ini hana hata pete moja, vinyonyeo vyake viwili vimebanana huku huku kichwani, na cha pili hakili, ni cha kujishikiza tu. Halafu hana njia ya haja! Chukua nyumba yenye mlango wa mbele tu, ndani korido inagawanyika mara mbili, kila moja inatoa vijikorido vingine mpaka pembeni na vyote vinaishia ukutani, mlango wa uani hakuna, kwa hiyo chakula kinaingilia sebuleni na takataka zinatokea hapo hapo sebuleni. Ndo tumbo lake hilo. Mlaze kwenye kioo umulike kwa chini, utaziona korido zimetawanyika kama mishipa ya jani. Ruba mlango wa uani anao.

Na anaingiaje? Anakulia kwanza ndani ya konokono, akitoka anajiganda kwenye majani, ng'ombe anakula (wengine huelea majini, kwa hiyo wazee wa mtoni hawakukosea mia kwa mia).

Sasa aina, huku kwetu wapo wawili. Fasciola hepatica ni mfupi, sentimita 2 hadi 3 hivi, ana mabega halafu anachongoka, na anapenda milimani kwenye baridi. Fasciola gigantica anaweza kufika sentimita 7, kingo zimenyooka sambamba kama jani la mwembe, huyo ni wa mabondeni kwenye joto. Konokono wao ni tofauti, ndo maana.

Ila usikimbilie rula. Mnyoo mchanga ni mfupi tu hata awe aina gani, ukimtupa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia) akiwa hai anajikunja, na Asia kuna machotara kabisa ambao bila kupima vinasaba utabaki kubahatisha.

Na huyo gigantica, Cobbold, mtaalamu wa minyoo Mwingereza, alipomwandika mara ya kwanza mwaka 1855, hakumtoa kwa ng'ombe. Alimtoa kwa twiga.