Benchi Jipya la Ufundi Baada ya Mechi Sita: Yanayosemwa na Yalivyo

Katikati ya Oktoba 2023, Deion Sanders alikuwa ameshinda mechi nne na kupoteza mbili akiwa kocha mpya wa Colorado, timu ya chuo kikuu ya mpira wa Kimarekani. Mwaka uliotangulia timu hiyo ilishinda mechi moja tu kati ya 12. Yeye alikuja na benchi jipya la ufundi na wachezaji wapya zaidi ya 80, na mechi ya kwanza kabisa akaenda ugenini kuifunga TCU 45-42, timu iliyocheza fainali ya taifa miezi minane nyuma. Boulder, mji wa chuo hicho, ukageuka kituo cha televisheni, na nchi nzima ikawa na maoni juu ya kocha yule.

Mechi sita zilizobaki alipoteza zote.

Mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu una msimu mfupi mno. Kila timu hucheza mechi 12, moja kwa wiki, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba. Mechi sita ndiyo nusu, na hapo ndipo hukumu humiminika. Sisi tuliolelewa na Simba na Yanga, ambako kocha anaweza kulala ana kazi na kuamka kibarua kimeota nyasi, hatuna haki ya kuwacheka. Lakini baadhi ya yanayosemwa kila Oktoba hayasimami ukiyakagua.

"Matokeo yanasema yenyewe"

Baada ya mechi sita matokeo husema kidogo sana. Chukua kocha Pete Carroll pale USC, Chuo Kikuu cha Southern California, mwaka 2001. Hakuwa hata chaguo la kwanza la chuo, na mashabiki walilijua hilo. Baada ya mechi saba alikuwa ameshinda mbili na kupoteza tano. Ukiangalia msimamo tu, ni wa kufungashiwa virago. Ukiangalia mechi zenyewe, Oregon walimfunga 24-22, Washington 27-24, Kansas State 10-6. Timu ilikuwa inapoteza kwa pointi chache tu, tena mbele ya wapinzani wazuri. Alimaliza msimu 6-6, yaani ushindi sita na vichapo sita. Mwaka uliofuata alishinda mechi 11, na kotabeki wake (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) Carson Palmer, yuleyule aliyekuwa akilaumiwa, akachukua tuzo ya Heisman inayopewa mchezaji bora wa vyuo. Kocha wa mashambulizi alikuwa yuleyule pia, Norm Chow. Kisha yakaja mataji ya 2003 na 2004.

Mechi inayoamuliwa kwa pointi tatu ina bahati nyingi ndani yake. Mpira unapomponyoka mchezaji mikononi na kudundadunda, umbo lake la yai halitabiriki, na kwa muda mrefu timu huuokota karibu nusu kwa nusu. Kuupiga mkono wa mwenye mpira hadi umponyoke ni kazi inayofundishika. Nani atauokota ukishaanguka, hakuna benchi la ufundi linalolimudu. Timu iliyookota mipira minane kati ya kumi hadi Oktoba huonekana kama ina kocha mwenye akili nyingi, na Novemba ikianza kuokota mitano tu, watu huuliza kocha amefanya nini.

Nirudi Colorado. Ubovu wao ulionekana hata katika zile wiki walizoshinda. Safu ya mbele, wale majitu wanaomkinga kotabeki, ilikuwa inavuja. Shedeur Sanders, mtoto wa kocha, alikuwa akiangushwa chini na mpira mkononi mechi baada ya mechi, hata siku walipoichapa Nebraska 36-14. Hadi mwisho wa msimu aliangushwa zaidi ya mara 50. Mechi ya saba dhidi ya Stanford, wakiwa nyumbani, walikwenda mapumziko wakiongoza 29-0 na wakapoteza 46-43 katika muda wa nyongeza. Walioshangaa usiku ule walikuwa wametazama msimamo bila kuitazama safu ya mbele.

"Wachezaji si wake, mpe miaka minne"

Hii ilikuwa kweli, na bado watu wazima wengi huisema kwa heshima ya zamani. Kocha alirithi vijana walioletwa na mwingine, akangoja madarasa manne ya wanafunzi yapite ndipo timu iwe yake. Mchezaji aliyehama chuo alikaa nje mwaka mzima, kwa hiyo wachache walithubutu. Mwaka 2021 kanuni ilibadilika na mchezaji akaruhusiwa kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje. Mwaka huohuo vijana wakaanza kuruhusiwa kuingiza fedha kwa jina na sura zao. Mwaka 2024 idadi ya kuhama ikaachwa wazi kabisa. Sasa kocha anaweza kujenga nusu ya kikosi kati ya msimu mmoja na unaofuata.

Kocha Curt Cignetti alipotoka chuo cha James Madison kwenda Indiana mwishoni mwa 2023, alikuta timu iliyoshinda mechi tatu. Alihama na wachezaji 13 wa chuo chake cha zamani, na alihama na watu wake wa benchi pia, Mike Shanahan wa mashambulizi na Bryant Haines wa ulinzi. Nadhani hili la benchi ndilo watu hulipita haraka mno. Makocha wake hawakuwa wakijifunzana majina mwezi Agosti. Walikuwa na lugha moja tayari, na wachezaji 13 wa kuwafundisha wengine lugha hiyo. Nusu msimu wa 2024 ilipofika, Indiana walikuwa hawajapoteza. Januari 2026 wakawa mabingwa wa taifa kwa kuifunga Miami 27-21.

Hata hivyo usikimbilie upande wa pili. Clark Lea pale Vanderbilt alishinda mechi mbili mwaka 2021, tano 2022, mbili tena 2023. Kwa haraka ya siku hizi alikuwa wa kuondoka. Chuo kikamvumilia, na Oktoba 2024 akaifunga Alabama iliyokuwa namba moja nchini, 40-35. Wengi huitaja hadithi hii kama ushahidi wa subira, na subira ilikuwepo. Lakini kotabeki wa siku ile, Diego Pavia, alikuwa amehamia miezi michache tu kabla akitokea New Mexico State, na kocha wa mashambulizi Tim Beck alitoka naye hukohuko. Subira ilimbakiza kocha kazini. Kilichoigeuza timu ni dirisha moja la usajili na uamuzi wa kocha kukiri kwamba mashambulizi yake hayakuwa yakifanya kazi.

"Wamekutana na vibonde tu"

Mara nyingi ni kweli. Mechi za mwanzo hujazwa na timu ndogo zinazolipwa ili zije kupigwa. Appalachian State walilipwa dola 400,000 kwenda Michigan mwaka 2007, na kwa bahati mbaya ya wenyeji wakaondoka na hundi pamoja na ushindi wa 34-32. Kwa kawaida wanaondoka na hundi tu. Kwa hiyo benchi jipya lenye 5-1 linaweza kuwa halijapimwa kabisa.

Lakini namna ya kumpiga kibonde nayo ni habari. Indiana ya 2024 iliambiwa hivihivi, na ratiba yao kweli ilikuwa laini. Ila Western Illinois walipigwa 77-3, na UCLA 42-13 hukohuko kwao. Msimu ule Indiana walifungwa na timu mbili tu, Ohio State na Notre Dame, ambazo ndizo zilizokutana kwenye fainali ya taifa.

"Amepigwa na timu isiyojulikana, basi amekwisha"

Novemba 2007, Alabama ya Nick Saban, mwaka wake wa kwanza pale, ilifungwa nyumbani 21-14 na Louisiana-Monroe. Ilikuwa katikati ya vichapo vinne mfululizo. Mwaka uliofuata alimaliza ratiba ya kawaida bila kupoteza, na mwaka 2009 akawa bingwa.

"Tatizo ni kocha wa mashambulizi, mwondoe leo"

Kila chuo kina mtu wa kubeba lawama, na mara nyingi ni yule anayeita michezo ya mashambulizi, yaani anayechagua mbinu ya kila shambulizi. Colorado walifanya hivyo Novemba 2023. Sean Lewis akanyang'anywa kazi ya kuita michezo, akapewa Pat Shurmur. Vichapo havikukoma, kwa sababu iliyokuwa inavuja ni safu ya mbele, na hakuna mwito wa mchezo unaolizuia jitu la wapinzani la kilo 130 lililokwisha kupita.

Watu husahau pia jinsi muda ulivyo mdogo. Benchi lililoajiriwa Desemba hupata mazoezi 15 wakati wa machipuko, kambi ya Agosti, kisha saa 20 kwa wiki msimu ukianza, maana hawa ni wanafunzi na kanuni inawalinda. Ukibadilisha mwita michezo Oktoba, unawaomba vijana wajifunze lugha ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Na akiondolewa kocha mkuu mwenyewe, wachezaji hufunguliwa mlango wa kuhama. Unaweza kumtimua mtu mmoja ukapoteza ishirini.

"Basi tusiseme lolote hadi Desemba"

Hapana, yapo yanayoonekana mapema, na nisingependa mtu ajifiche nyuma ya neno subira. Tazama adhabu zinazotokea kabla mpira haujachezwa: mchezaji anayetikisika mapema, timu inayochelewa hadi saa inaisha, wachezaji 12 uwanjani badala ya 11. Kuziepuka hakuhitaji kipaji, kunahitaji mazoezi yenye mpangilio. Mechi ya kwanza zinasameheka. Mechi ya sita zikiwa zilezile, benchi lina tatizo.

Tazama robo ya tatu, maana ndiyo inayotoka moja kwa moja mikononi mwa makocha baada ya mapumziko. Kuhusu chipukizi, kanuni iliyoanza 2018 ilimruhusu mchezaji kucheza hadi mechi nne bila msimu huo kuhesabiwa katika miaka yake ya kuchezea chuo. Ndiyo maana katikati ya msimu uliweza kumwona kijana aliyeng'aa Septemba ameketi benchi, na mashabiki wakilia kwamba kocha hamwoni. Huenda alimwona vizuri kuliko wao, na alikuwa akimtunzia mwaka.

"Kosa ni kuhukumu vibaya mapema"

Kusifu mapema ni kosa lilelile, na gharama yake ni kubwa zaidi kwa sababu sifa huandikiwa mkataba. Notre Dame wana historia chungu hapa. Mwaka 2002 kocha mpya Tyrone Willingham alianza kwa kushinda mechi nane mfululizo, na watu wakavaa fulana za kutangaza kurudi kwa utukufu. Miaka miwili baadaye alitimuliwa. Akaja Charlie Weis kutoka New England Patriots, timu ya wachezaji wa kulipwa. Oktoba 2005 alipoteza kwa USC 34-31 mechi ambayo ilikuwa imekaribia kabisa kuwa yake, na kichapo kile kikamjengea jina kuliko ushindi. Wiki mbili baadaye, akiwa 5-2, chuo kikampa mkataba mpya wa miaka kumi. Mechi saba, miaka kumi.

Kotabeki wake, Brady Quinn, alikuwa ameletwa chuoni na Willingham. Quinn alipomaliza, msimu wa 2007 Notre Dame ilishinda mechi tatu na kupoteza tisa. Weis aliondolewa mwishoni mwa 2009, na kumwondoa kuligharimu karibu dola milioni 19, zilizolipwa kidogokidogo hadi 2015. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kufundisha Kansas na kutimuliwa huko nako.