Betri ya akiba haikamuliwi

Hapa Tabora, njia panda ya reli za Kigoma na Mwanza, bado utaambiwa: betri ya kuchaji imalizwe kabisa ndipo ichajiwe. Jirani yangu aliifanyia hivyo betri ya akiba ya kitreni chake cha kuchezea cha umeme, ile inayoendeleza mlio wa injini umeme wa relini ukikatika. Ikafa. Ushauri huo ni wa enzi za nikeli-kadimi, aina ya zamani ya betri za kuchaji, na hata huko ulitiwa chumvi. Pakiti ya betri kama hiyo, ya volti 8.4, ina seli (vibetri vya ndani) 7 za volti 1.2. Ukiikamua hadi iishe kabisa, seli dhaifu huishiwa mapema. Zilizobaki huisukumia umeme kinyume, ikaharibika. Kitreni kikikaa kabatini, ichaji betri yake mara mojamoja. Ukiona ungaunga kwenye ncha zake, badilisha tu.