Mahitaji ya soko si wingi wa waombaji

Juzi nilialikwa kikao cha wadau katika chuo ambacho sitakitaja. Idara inataka kuanzisha shahada ya ukuzaji viumbe maji, na slaidi ya tatu ilisomeka kwa herufi kubwa: MAHITAJI YA SOKO NI MAKUBWA. Ushahidi wake ulikuwa dodoso la wanafunzi wa kidato cha sita: "Je, ungependa kusoma kozi hii?" Vibanduku vya Ndiyo vimejaa tiki. Ungewauliza kuhusu shahada ya kufuga nyuki wangetia tiki vilevile.

Utafiti wa mahitaji hufanywa kabla ya kuandika mtaala, kujua kama kuna kazi zinazokwama kwa kukosa watu wa ujuzi huo. Mtaala ukishaandikwa unapita Seneti ya chuo, unakwenda Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kuombewa ithibati, ndipo udahili uanze. Hapo hapana utata.

Utata uko kwenye neno. Hitaji limetoka Kiarabu, mzizi mmoja na haja. Na haja tunaijua: ikikubana, hakuna anayekuuliza kama ungependa. Huo ni upungufu, utamkwe usitamkwe. Kisha neno likaingia gengeni. Ukitumwa "kanunue mahitaji" unarudi na nyanya, vitunguu na mafuta ya kupima. Vitabu vya uchumi navyo vikaleta "ugavi na mahitaji", na humo mahitaji ni kile ambacho watu wako tayari kukilipia. Asiye na hela hahesabiwi, hata kama ana njaa. Ukiongeza "ya soko" ndiyo umevuruga kabisa, maana chuo kina masoko mawili: mwombaji ananunua nafasi darasani, mwajiri anamtafuta mhitimu. Gesi ilipogunduliwa baharini kusini kuanzia 2010, vyuo vikafungua shahada za mafuta na gesi na vijana wakaomba. Mradi mkubwa wa kusindika gesi hiyo Lindi ukaendelea kujadiliwa mwaka baada ya mwaka.

Kinyume chake ni shahada ya sheria. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu, cha Sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawafiki 20. Kwa dodoso lile tungesema kozi haina soko. Lakini Tanganyika ilikuwa inapata uhuru Desemba hiyohiyo, mawakili wake Waafrika wa kuhesabu kwa vidole, na wala Makerere wala Nairobi hapakuwa na kitivo cha sheria. Waombaji wachache, haja kubwa. Mimi hiyo ndiyo naiita uhitaji, kwa U, nikiacha mahitaji yabaki ya gengeni.

Kikao kilipokwisha nilimfuata mwalimu kijana aliyewasilisha, tukiwa bado na vikombe vya chai mkononi. Nikamwambia slaidi ibadilike kidogo tu, isomeke "Waombaji ni wengi", maana ndicho dodoso lilichopima. Kuhusu uhitaji, aende mabwawani, aulize vifaranga vya samaki vikianza kufa usiku anapigiwa simu nani, na kama huyo mtu yupo. Akaandika "anapigiwa nani?" pembeni mwa daftari, akapigia mstari.