Koti zito si lazima liwe na joto
Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa usiku Dodoma unauma kwelikweli, na mvuvi wa Bwawa la Mtera huambiwa tangu zamani: vaa koti zito, ndilo lenye joto. Sivyo. Kinachokutia joto ni hewa kavu iliyonaswa kati ya nyuzi. Maji hupitisha joto takribani mara 25 zaidi kuliko hewa, hivyo sweta nene la pamba likilowa, hata kwa jasho la kupiga kasia tu, linakunyang'anya joto lako mwenyewe. Wavuvi wa Kanada wanaokaa juu ya barafu huvaa ndani sufu (manyoya ya kondoo) au poliesta, ambazo zikilowa hazipotezi joto upesi kama pamba, na juu yake ovaroli isiyoingiza maji. Mtumbwini, sweta la sufu la mtumba na koti jepesi la mvua vinatosha. Jaketi la kujiokolea livae juu ya vyote.